Usafi wa Chumba cha Ushonaji ni Haki ya Mwenye Nguo

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wa darasa la ushonaji, Kipsongo, Kitale, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Maalim wetu, wazee wangu, akina mama mlioacha sufuria jikoni mkaja kukaa nasi, na nyinyi vijana wangu wa cherehani. Nilipoitwa kutoka Bungoma nije niseme nanyi, nilidhani nitapewa mada ya fadhila za funga, au ya Laylatul Qadri. Njiani, tulipopita Kiminini, nilikuwa bado najipangia maneno. Kufika hapa Maalim akaniambia, "Hapana fundi, mada hizo tunao masheikh wa kuzieleza. Wewe tuzungumzie uchafu." Basi ndugu zangu, mkisikia nazungumzia uchafu mbele ya watu waliofunga, msinilaumu mimi.

Tazameni chumba hiki. Asubuhi ni madrasa, watoto wamekaa chini na mbao na juzuu zao. Baada ya Adhuhuri majamvi yanakunjwa na cherehani zinavutwa kutoka ukutani. Ikikaribia Magharibi cherehani zinarudi ukutani, majamvi yanatandikwa tena, tende na uji vinawekwa hapo hapo. Halafu akina mama wanaswali taraweh hapa. Sakafu moja, kazi nne. Fundi mwenye duka lake mjini akiacha sindano chini, itamchoma yeye au mteja mwenye viatu. Nyinyi mkiacha sindano chini, inakutana na paji la uso wa mama anayesujudu.

Na kazi mliyo nayo mwezi huu mnaijua. Nguo za watoto wa qaswida kwa ajili ya baraza la Idi: kanzu nyeupe na vizibao vya kijani kwa wavulana, magauni meupe na ushungi wa kijani kwa wasichana. Nguo za namna hii watu wengine huzichukulia kama mapambo tu, nguo za kuimbia. Lakini mtoto hatoki nyumbani na nguo mbili. Kanzu ile ile ya qaswida ndiyo anayoingia nayo kwenye swala ya Idi asubuhi. Kwa hiyo nguo hii ina masharti mawili: ipendeze machoni, na itwaharike. Katika Suratul Muddathir, sura iliyoteremka mapema kabisa, Mtume (S.A.W.) aliamrishwa kuzitwaharisha nguo zake. Sasa ikiwa mvaaji ameamrishwa hivyo, je, yule aliyeishona akamkabidhi?

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili, kwa sababu naona vijana wengi wanayachanganya. Kuna uchafu na kuna najisi. Mafuta ya cherehani yakidondoka kwenye kanzu nyeupe, huo ni uchafu. Nguo imeharibika, mwenyewe atakasirika na ana haki, lakini akiiswalia swala yake ni sahihi. Chaki, vumbi, jasho la mkono, ni hivyo hivyo. Lakini mavi ya kuku ni najisi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, hata yakikauka mpaka yakafanana na udongo. Mkojo wa panya ni najisi, na nani hapa hajaona panya akitoka kwenye gunia la vipande? Damu ni najisi. Mate ya mbwa ni najisi nzito, inaoshwa mara saba na moja kati ya hizo iwe kwa maji yenye udongo. Na mbwa wa mtaani anapenda kulala wapi? Juu ya mabaki ya vitambaa mlangoni, kwa sababu pana joto. Kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami, hilo wanazuoni wamelieleza, lakini mbwa aliyenyeshewa halali mahali akapaacha pakavu.

Mama mwenye mtoto mchanga anayeshona naye mapajani, na wako hapa nawaona, ajue pia hukumu yake. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajafika miaka miwili na hajalishwa chakula zaidi ya maziwa, unanyunyiziwa maji ya kuenea pale ulipopata, inatosha. Wa mtoto wa kike unaoshwa. Msione haya kuuliza. Ni aibu zaidi kunyamaza, ukakausha kitambaa juani ukasema mambo yamekwisha.

Nirudi kwenye damu, maana hiyo ndiyo jirani ya fundi. Hakuna fundi ambaye hajajichoma. Tone linaingia kwenye kitambaa cheupe, na sisi wa zamani tulifundishwa dawa moja: tia mate, sugua. Kweli, mate huondoa alama ya damu mbichi. Lakini kuondoka kwa alama si kutwaharika. Najisi kwenye nguo huondoshwa kwa maji. Basi chukua maji safi, ya baridi na si ya moto, kwa sababu moto unaigandisha damu kwenye nyuzi isitoke tena. Fanya hapo hapo, usiseme nitaosha kanzu zote pamoja jioni. Najua damu kidogo kuna namna inavyosamehewa, na Maalim atawaeleza mipaka yake. Ila msamaha huo ni wa mtu aliyepatwa na jambo. Fundi asiutumie kama ruhusa ya kumkabidhi mtoto wa watu kanzu yenye damu yake.

Na kwa kuwa nimetaja mate, kuna mas-ala moja ya Ramadhani inayotuhusu sisi mafundi hasa, na nafurahi kila nikiikumbuka, kwa sababu inaonyesha wanazuoni wetu walikuwa wakituona tukiwa kazini. Imam Nawawi (R.A.), katika kitabu chake Minhaj, kwenye mlango wa funga, amemtaja mtu anayelowesha uzi kwa mate yake, kisha akaurudisha mdomoni ukiwa na unyevu unaoweza kuachana na uzi, akaumeza unyevu ule. Funga yake imevunjika. Mnaona? Mtu anatunga sindano. Analamba uzi, haupiti tundu, anaulamba tena. Mara ngapi kwa siku? Sasa fundi aliyefunga afanye nini? Akate uzi kwa mkasi mkali, kwa mshazari, utapita wenyewe. Usipopita, weka kipande cha sponji chenye maji kwenye kifuniko cha chupa karibu na mashine, au upitishe uzi kwenye nta. Na pini pia zitoke mdomoni. Najua mnaniangalia mnasema, fundi, wewe mwenyewe tumekuona na pini mdomoni. Ni kweli. Nimeacha juzi juzi tu, na bado mkono unajisahau.

Sasa nataka niwaambie jambo ambalo sijalisema mbele ya watu.

Nilipokuwa kijana najifunza kazi hapa Kitale, usiku wa kuamkia Idi tulikuwa na kanzu nyingi kuliko macho. Tulikuwa tunashonea mwanga wa koroboi. Nikiwa kwenye mshono wa ubavuni wa kanzu ya mtoto, pale nguo zinapokutana zikawa nene, sindano ya mashine ikavunjika. Nusu ikabaki juu kwenye mashine. Nusu ya ncha sikuiona. Nikapapasa meza, nikainama nikatazama chini, nikapitisha mkono kwenye nguo juu juu. Sikuipata. Nikajiambia imeangukia sakafuni, kwenye takataka, nitafagia kesho. Na sakafu ile, wallahi, ilikuwa na vipande na nyuzi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ungeweza kupoteza mkasi humo, sembuse ncha ya sindano. Nikaweka sindano nyingine nikaendelea.

Asubuhi tukaenda kuswali. Mtoto yule alikuwa safu ya nyuma yangu kidogo, wa miaka saba hivi. Tulipokwenda kwenye sijda ya kwanza nikasikia kilio. Si kilio cha mtoto aliyesukumwa. Ncha ilikuwa ndani ya mshono, usawa wa goti, na alipopiga magoti iliingia. Baba yake aliivuta kwa koleo ndogo baada ya swala. Kanzu nyeupe, ya Idi, ikawa na damu kutoka goti mpaka chini.

Baba yake hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Fundi, ulijua?"

Nikamjibu, "Sikujua."

Jibu hilo nimelibeba miaka mingi. Ni kweli sikujua iko wapi. Lakini nilijua haikuwa mkononi mwangu. Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia mambo yote, na sindano ilivyovunjika, na nilivyoamua kulala. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nimshonee mtoto nyingine. Nikashona, sikuchukua hata senti. Mtoto yule leo ni baba wa watoto. Nikikutana naye sokoni tunasalimiana vizuri, na kila mara jicho langu linakwenda kwenye goti lake.

Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mtu anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale, aishike kwenye ncha zake, ili asimdhuru Muislamu yeyote. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa (R.A.). Mishale yetu sisi ni sindano na pini na wembe wa kufumulia. Na hakusema aombe radhi baada ya kumchoma mtu. Alisema ashike ncha kabla.

Viwanda vikubwa vinavyoshona nguo za kuuza nje vina utaratibu ambao tungepaswa kuwa nao sisi kwanza. Sindano ikivunjika, mashine inasimama. Fundi hapewi sindano mpya mpaka alete vipande vyote vya ile ya zamani, vinapangwa na kubandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Kipande kikikosekana, nguo zote zilizo karibu zinatengwa na kukaguliwa. Wao wanaogopa kushtakiwa na wateja wao wa ng'ambo. Sisi tunamwogopa nani? Kuanzia leo naomba daftari liwekwe pale dirishani, na gundi ya karatasi. Pini nazo zihesabiwe. Ukianza kazi na pini 20 kwenye mto wako wa pini, unafunga kazi na 20. Nimewaletea sumaku mbili, nimezitoa kwenye spika za redio mbovu. Kabla ya majamvi kutandikwa, funga sumaku kwenye fimbo upitishe sakafu nzima, kona kwa kona. Mtashangaa itakayoyaokota. Ila sumaku haioni wembe uliokwama kwenye ufa wa sakafu wala pini ya shaba, kwa hiyo na macho yafanye kazi.

Kuhusu vipande vya vitambaa, mimi siogopi kwamba vinaonekana vibaya. Naogopa moto. Wengi wetu tunatumia pasi ya makaa. Pasi ile inatema cheche, hasa mtu anapoipunga ili makaa yawake. Na kitambaa chepesi, hasa hiki cha nailoni cha vizibao, hakingoji.

Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, katika kiwanda cha kushona blauzi kilichoitwa Triangle, moto ulianza ndani ya sanduku la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, ghorofa ya nane. Mabaki yale yalikuwa hayajachukuliwa kwa muda wa miezi miwili hivi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa umri wenu nyinyi. Mkisema hayo ni ya zamani na ya mbali, basi Novemba 2012, karibu na Dhaka kule Bangladesh, kiwanda cha Tazreen kiliungua, moto ukianzia chini palipokuwa pamerundikwa vitambaa na nyuzi, na zaidi ya watu 110 wakafa. Wengi wao walikuwa ndugu zetu katika imani. Na Gikomba ya Nairobi, soko ambalo mitumba yetu mingi inapitia, limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15.

Nyumba moja iliungua Madina usiku, wenyewe wakiwa ndani. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, aliwaambia masahaba kwamba moto ni adui yao, na wakilala wauzime. Sasa chumba hiki kina mlango mmoja, na nimeona cherehani mbili zimepangwa nusu yake zimeuziba. Zitolewe leo, msingoje mimi niondoke. Pasi iwashwe na kupungwa nje, iwekwe juu ya bati au jiwe, ndoo ya mchanga iwe karibu. Vipande viingie kwenye gunia kila mara kitambaa kinapokatwa, na gunia litoke nje kila siku. Vipande vikubwa visitupwe: vinafaa bitana ya kofia, mito, na vya kupangusia mashine. Vidogo vijazeni godoro la mtoto, mkiwa na hakika panya hajavitembelea.

Mtaniambia, fundi, usafi unataka maji, na maji hapa tunanunua kwa mtungi. Nimeishi Kipsongo, siwezi kuwafundisha bei ya mtungi. Na Ramadhani inazunguka, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Ikiangukia Januari mpaka Machi adui ni vumbi, ikiangukia baada ya mvua za Aprili adui ni tope jekundu la Kitale ambalo likishika kitambaa cheupe linakuwa rangi. Lakini tazameni ni mambo mangapi hayataki maji. Viatu nje ya mlango, havitaki maji. Kuku kufukuzwa na kamba kufungwa mlangoni, hakutaki maji. Kushona vitambaa vyeupe asubuhi mikono ikiwa bado safi na mashine imepanguswa, kisha vya kijani baadaye ili nyuzi zake zisiingie kwenye vyeupe, hiyo ni kupanga tu. Mashine itiwe mafuta jioni kazi ikiisha, si asubuhi, na kesho yake ishonee kwanza kitambaa kibovu mpaka iache kutema. Fungua kibati cha chini ya sindano, piga brashi yale manyoya ya nyuzi yaliyojaa kwenye meno. Kanzu iliyokwisha ining'inizwe ndani ya shuka safi, isikae chini hata dakika moja. Maji yatakayohitajika ni bakuli moja la kunawa mikono kabla ya kugusa cheupe, na sabuni. Bakuli moja!

Na mtu akiharibu? Ataharibu, ni lazima. Kuna siku doa la mafuta litakataa. Hapo shetani ana njia ya kifundi: weka mfuko juu yake, au ligeuzie kwenye upindo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza chakula, akaingiza mkono ndani ya lundo, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini asiweke kilicholowa juu watu wakione, na hapo ndipo aliposema kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hadithi hii ipo kwa Muslim. Basi doa liwekwe juu. Mpelekee mama wa mtoto kanzu, mwonyeshe kwa kidole, mwambie, "Mama, hapa nimeharibu, nikushonee nyingine au nikupunguzie?" Mara nyingi atakwambia hapana neno, mwanangu. Na asiposema hivyo, ni haki yake.

Jambo la mwisho, na wavulana mnisikilize. Nimekaa hapa tangu Adhuhuri, nimeona ufagio ukishikwa mara tatu, na mara zote tatu umeshikwa na msichana. Kwa nini? Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa akishona nguo zake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake, akifanya kazi ambazo wanaume hufanya majumbani mwao. Mkono uliokata kitambaa ndio uokote vipande. Hakuna kumwachia dada yako.

Usiku wa kumi la mwisho ndio utakaowajaribu. Nguo zitakuwa hazijaisha, wazazi watakuja kuuliza, macho yatakuwa na usingizi wa qiyaam, na mtu atasema leo tusifagie, tutafagia baada ya Idi. Mimi nilisema hivyo hivyo.

Naona jua limeshuka na akina mama wanaanza kutazama mlango. Tuna kama nusu saa. Wavulana wanne, anzeni na zile cherehani mbili za mlangoni. Nyinyi wawili mlio karibu na dirisha, sumaku hizi hapa, pitieni sakafu kabla jamvi halijatandikwa, na mtakachokiokota mniletee nikihesabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.